Mpishi Awapo Bwana wa Jiko

Kijana mmoja wa mtaani petu, ambaye kwa miaka saba amekuwa mpishi katika nyumba ya watu wenye mali, alinijia mwezi uliopita na karatasi mkononi. Katika karatasi ile alikuwa ameandika hesabu ya mkahawa anaotaka kuufungua: kodi ya nyumba, meza sita, mabenchi, masufuria, mkaa, mchele, na ujira wa wasaidizi wawili. Alitaka nimkopeshe sehemu ya fedha. Nikamwuliza sababu ya kuiacha kazi yenye mshahara wa hakika. Akanijibu, "Mwalimu, nimechoka kushukiwa. Kila nirudipo sokoni nahesabiwa fedha mbele ya watoto. Nikiwa na jiko langu hapana atakayenishuku tena, maana hapana mtu ajiibiaye mwenyewe."

Jibu hili lilinipendeza nilipolisikia, lakini usiku lilininyima usingizi. Je, mtu huwa mwaminifu kwa kuondolewa yule ambaye angeweza kumwibia? Nalilipeleka swali hili kwa walimu wenzangu, nao wakagawanyika. Basi naona si vibaya nikiliandika hapa, wasomaji walipime.

Kwanza yatupasa kulijua jaribu la mpishi wa kuajiriwa. Yeye ndiye anunuaye vyakula, au asemaye vinunuliwe wapi. Wauza nyama na wauza mboga hulijua sana neno hili, nao humtafuta mpishi kabla ya kumtafuta bwana wake. Humpa bakshishi kidogo, apate kurudi kwao kesho. Wala bakshishi ile haitoki katika mfuko wa muuzaji, kwani muuzaji si mjinga. Huitoa katika kipimo au katika bei, na mwenye nyumba ndiye aliyeilipa pasipo kujua.

Tena jaribu hili si la wapishi wadogo tu. Auguste Escoffier, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1846, anahesabiwa miongoni mwa wapishi wakubwa wa dunia. Yeye ndiye aliyeligawa jiko kubwa katika vikosi, kila kikosi na kazi yake, na desturi hiyo yafuatwa katika mahoteli makubwa hata leo. Tangu mwaka 1890 alikuwa mkuu wa jiko la hoteli ya Savoy, mjini London, pamoja na César Ritz aliyekuwa msimamizi wa hoteli. Mwaka 1898 wote wawili wakaondolewa kazini. Mwaka 1900 Escoffier akatia sahihi yake katika karatasi ya kukiri kwamba alipokea fedha kwa wauzaji waliokuwa wakiiletea hoteli vyakula. Deni alilolikubali lilikuwa pauni 8,000, naye akalipa 500. Karatasi zile zilikaa sirini hata mwaka 1985, naye alikuwa amekwisha kufa tangu mwaka 1935, akiwa na heshima tele.

Mwalimu mwenzangu mmoja, mtu wa hesabu, alinipinga hapa kwa neno ambalo sikuweza kulijibu upesi. Alisema, "Fikiri kwamba Escoffier angalikuwa mwenye hoteli ile. Muuza nyama anamjia, anampa fedha zile zile, kwa sababu ile ile, ili arudi kununua kwake. Je, ungaliita wizi? Ungaliita punguzo la bei, na ungalimsifu kuwa mfanya biashara hodari. Basi kijana wako amesema kweli. Mkono ni ule ule, fedha ni zile zile. Mali ikiwa yako, dhambi imekwisha."

Nilikaa na neno hili siku mbili. Nakubali kwamba katika bakshishi ya muuza nyama amesema sawa. Lakini mwenzangu alitazama mlango mmoja tu wa jiko, ule wa nyuma, ambao vyakula huingilia. Jiko la mkahawa lina mlango wa pili, ambao sahani hutokea. Mpishi wa kuajiriwa alijaribiwa katika mlango wa kwanza. Mwenye mkahawa hujaribiwa katika mlango wa pili, na huko hapana bwana arudiye kumhesabia fedha.

Nilipokuwa mwanafunzi, wakati wa likizo naliosha vyombo katika mkahawa mmoja karibu na kituo cha magari. Mwenyewe alikuwa amepata kuwa mpishi wa watu, na mkono wake ulikuwa na baraka. Akiunga maharagwe kwa nazi, wapita njia husimama. Hakumwibia bwana, maana hakuwa naye. Lakini sisi tuliokuwa ndani tuliyajua mengine. Mchuzi uliobaki jana ulitiwa maji na chumvi, ukachanganywa na wa leo. Nyama iliyoanza kunuka ilioshwa kwa ndimu, ikatiwa pilipili nyingi, ikauzwa kwa wasafiri wa magari ya mbali, ambao hata wakiugua wataugulia mahali pengine. Sahani ikivunjika, bei yake ilikatwa katika ujira wetu, nayo ilikuwa bei ya sahani mpya, ingawa ile iliyovunjika ilikuwa na ufa tangu zamani. Na juu ya mafiga ya pembeni palikuwa na sufuria ndogo yenye kifuniko, ambayo hapana mgeni aliyepakuliwa humo. Hiyo ilikuwa ya bwana mwenyewe na watoto wake.

Wala hakuwa mtu mwovu. Mama yangu alipougua alinipa nauli ya kwenda kumtazama, wala hakuidai. Kama angalikuwa mwovu, mfano wake usingalitufaa kitu, kwani waovu hawana swali la kujiuliza. Nadhani yeye mwenyewe, kama angaliulizwa, angalijibu kama alivyojibu kijana wangu: kwamba tangu apate jiko lake hajaiba kitu cha mtu.

Nafikiri uzito wa jambo hili umo katika namna ya bidhaa yenyewe. Anunuaye kitambaa hukipindua, akakivuta, akakitazama juani. Anunuaye jembe huligonga kwa jiwe asikie sauti yake. Lakini alaye mkahawani hana la kufanya ila kuamini; hakuiona nyama ilipokuwa mbichi, wala hajui maji yalichotwa wapi, na akiisha kujua, chakula kimekwisha kuingia mwilini mwake. Tena kuna neno jingine la ajabu kidogo. Kwetu mgeni halipi, naye alipaye haitwi mgeni. Lakini mkahawani twamwita mgeni, twamkaribisha, twamwondolea kiti, kisha twamletea hesabu. Jean Anthelme Brillat-Savarin, katika kitabu chake juu ya ulaji kilichotoka mwaka 1825, aliliona jambo hili. Alieleza habari za Antoine Beauvilliers, aliyekuwa zamani katika utumishi wa ndugu wa mfalme wa Ufaransa, kisha akafungua mkahawa wake mjini Paris kabla ya Mapinduzi ya mwaka 1789. Beauvilliers alikuwa akizunguka kwenye meza za watu, akiwaambia chakula hiki kiacheni, kile kiwahini, na mvinyo akautoa kwa ufunguo wa mfukoni mwake, hata wageni wakajiona wamealikwa na rafiki. Lakini, asema Brillat-Savarin, hali hiyo ilidumu kitambo kidogo tu. Saa ya kulipa ilipofika, walikumbuka wako kwa nani.

Naam, mwenye mkahawa avaa nguo mbili, ya mwenyeji na ya mchuuzi, na mlaji hawezi kujua ni ipi iliyo ndani na ipi iliyo nje.

Sasa nimtaje mtu ambaye habari zake zimenisaidia sana katika kufikiri, ingawa hazikunipa jibu jepesi. Eugénie Brazier alizaliwa mwaka 1895 katika kijiji cha La Tranclière, karibu na mji wa Bourg-en-Bresse, mashariki ya Ufaransa. Mama yake alikufa Eugénie akiwa mtoto wa miaka kumi, naye akawekwa katika mashamba ya watu achunge mifugo. Shule aliipata kidogo tu. Mwaka 1914 alizaa mtoto wa kiume, Gaston, pasipo ndoa, na baba yake akamfukuza nyumbani. Akamwacha mtoto kwa walezi, akaenda mji wa Lyon kuwa mtumishi katika nyumba ya matajiri, na huko ndiko alikoanza kupika.

Mji wa Lyon una desturi ambayo sisi hatuhitaji kufafanuliwa. Wanawake wenye mikahawa huko waliitwa kila mmoja "Mama," kama sisi tusemavyo mama lishe, na wengi wao walikuwa wamepata kuwa wapishi wa nyumba za watu kabla ya kufungua jiko lao wenyewe. Aliyesifiwa kuliko wote siku zile alikuwa Françoise Fillioux. Kwake waliletwa kuku waliopikwa na vipande vya uyoga mweusi uotao chini ya ardhi, ambao bei yake ni kubwa mno. Vipande hivyo huingizwa kati ya ngozi na nyama, weusi wake ukaonekana kwa nje. Kwa weusi na weupe ule chakula hicho chaitwa kuku wa nusu matanga. Mama Fillioux alikuwa na kisu chake kidogo, akiwakatia wageni kuku kwa mkono wake mwenyewe mezani. Brazier alifanya kazi jikoni mwake, akajifunza, kisha akapika mahali pengine. Mwaka 1921 akafungua mkahawa wake katika duka dogo la vyakula, nambari 12, njia ya Royale, lenye nafasi ya walaji wapatao 15 tu.

Mwaka 1933 kitabu cha wasafiri cha kampuni ya Michelin, kampuni ya kutengeneza matairi, kiliupa mkahawa ule nyota 3, ambayo ndiyo daraja ya juu kabisa. Tena kikampa nyota 3 nyingine kwa mkahawa wake wa pili, uliokuwa vilimani nje ya mji, mahali paitwapo Col de la Luère. Hapo mwanzo palikuwa kibanda cha mbao kisicho na maji wala taa za umeme. Kabla yake hapakuwa na mtu aliyepewa nyota sita.

Lakini sikumleta hapa kwa ajili ya nyota. Nimemleta kwa sababu ya chakula alichowapakulia watu. Katika miaka mingi orodha yake haikubadilika sana: mioyo ya mboga ya atichoki pamoja na ini la bata, samaki, na yule kuku wa nusu matanga aliyejifunza kwa Mama Fillioux. Wako wanaosema kwamba kutobadili chakula ni uvivu. Mimi naona vingine. Orodha ibadilikayo kila siku humpa mwenye mkahawa mahali pa kujificha, kwa kuwa mgeni hana cha kulinganisha nacho. Bali alaye kuku yule yule mara kumi ameshika mzani mkononi. Vipande vya uyoga vikipungua, ngozi yenyewe itasema. Na meya wa mji, Édouard Herriot, ambaye alikuwa mlaji wa siku zote kwake, angaliona mara moja. Brazier alijiwekea mashahidi dhidi yake mwenyewe. Na usafi wa jiko lake ulikuwa mkali hata wauzaji wakamwogopa, maana kitu kibovu hakikupokelewa.

Hapo yule mwalimu wa hesabu alinikatiza tena. "Basi," akasema, "mkaguzi wako ni hofu ya kupoteza wanunuzi. Adanganyaye hatarudiwa, na kwa hiyo soko lenyewe humfanya awe mwaminifu." Jibu hili ni zuri kwa njia ya Royale, ambako mgeni hurudi. Kituoni kwetu halikufaa kitu, maana abiria wa leo hatamwona mwenye mkahawa tena maisha yake yote. Tena soko halikuingia jikoni kuitazama ile bei ya sahani yenye ufa.

Hata hivyo, iko habari moja ya Brazier ambayo soko haliwezi kuieleza. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Ufaransa ilipotekwa na Wajerumani, vyakula vyote viligawiwa kwa kipimo cha serikali, na watu wa mijini walikuwa na njaa. Wakati wa njaa mwenye mkahawa hana haja ya kumwogopa mgeni. Apewe nini, mgeni atakula. Huo ndio ulikuwa wakati wa kupunguza. Brazier hakukubali kupunguza. Alivipata vyakula vyake kinyume cha amri, akatozwa faini mara kadha, mkahawa ukafungwa, naye akatiwa gerezani juma moja.

Wengi humsifu kwa jambo hili, wakisema hakuwaogopa waliowatawala. Mimi nalisita. Maana kuku aliyepatikana nje ya kipimo hakushuka kutoka mbinguni. Alitoka shambani, na kama asingalikwenda mezani kwa mwenye fedha, labda mayai yake yangalikwenda kwa mtoto wa mtu katika njia nyingine ya mji ule ule. Basi uaminifu wake kwa mgeni aliyeketi mbele yake ulimgharimu mtu asiyeweza kuketi mbele yake kamwe. Nasema hivi si kwa kumhukumu. Sijalala na njaa ya vita, na amri zile zilikuwa za watekaji, nao walikuwa wakijilisha wenyewe kwanza. Lakini naona hapa kwamba hata milango miwili haitoshi. Jiko la mkahawa lina mtu wa tatu, ambaye haleti kitu wala hapakuliwi kitu, naye husikia harufu tu.

Kisha kuna wale walio ndani. Baada ya vita kijana Paul Bocuse, ambaye baadaye jina lake lilikuja kujulikana duniani kote, alikuja Col de la Luère kujifunza kwa Mama Brazier. Huko hakupewa kisu tu. Alikamua ng'ombe, akafua na kupiga pasi nguo za meza, akalima bustani ya mboga. Bocuse mwenyewe alizoea kuzisimulia siku zile kwa shukrani. Watu wapenda kuisimulia habari hii kama uthibitisho kwamba ukali wa mwenye jiko ni wema kwa vijana. Naomba wasiwe wepesi. Aliyefanikiwa hushukuru kila jiwe alilolikanyaga. Hatujaulizwa na wala hatukumwuliza yule aliyefua vitambaa vile vile, akakamua ng'ombe wale wale, kisha akarudi kwao akiwa mfuaji. Jambo moja namhesabia Brazier: mwenyewe hakuliacha jiko. Mwaka 1946 alimwachia mwanawe Gaston mkahawa wa mjini, naye akaendelea kupika kule vilimani, na alipokufa mwaka 1977 alikuwa amekwisha pita umri wa miaka 80. Mtu asimamaye penye moto ule ule pamoja na watumishi wake ana haki ya kusema kwa sauti kubwa kuliko yule asemaye kwa barua.

Maana siku hizi wenye majiko hawakai penye moto. Bocuse mwenyewe, mkahawa wake wa Collonges-au-Mont-d'Or ulipokwisha kushika nyota 3 tangu mwaka 1965, alisafiri mbali, na mwaka 1982 alishirikiana na wenzake wawili, Roger Vergé na Gaston Lenôtre, kufungua mkahawa Florida, Marekani. Sisemi alifanya vibaya. Nasema tu kwamba mpishi aliyeanza kwa kuuza kazi ya mkono wake aweza kumalizia kwa kuuza jina, na jina halionji mchuzi. Mgeni wa Florida alilipa kwa ajili ya mkono uliokuwa ng'ambo ya bahari. Je, alidanganywa? Kama mchuzi ulikuwa mzuri, labda hakudanganywa. Na kama ulikuwa mbaya, amlalamikie nani? Swali hili nawaachia wenye akili kuliko mimi.

Nikarudi kwa kijana wangu. Juzi alikuja kutaka jawabu, nikamwambia aniletee tena ile karatasi. Tukaipitia pamoja mstari kwa mstari. Hesabu yake ilikuwa safi, na kodi ameipata kwa bei ya chini. Ujira wa wasaidizi ulikuwa mdogo, nikamwonyesha; akaubadilisha, si kwa furaha. Nikafika kwenye masufuria. Alikuwa ameandika masufuria makubwa manne, na chini yake sufuria moja ndogo yenye kifuniko.

Nikamwuliza, "Hii ya nini?"

Akasema, "Ya kwangu, Mwalimu. Mwenye mkahawa hawezi kula chakula cha biashara."

"Kwa nini asiweze?"

Alinyamaza kitambo, akaitazama karatasi yake. Kisha akasema kwamba wenye mikahawa wote wafanya hivyo, na kwamba yeye hakupata kulifikiri neno hilo. Nikamrudishia karatasi. Tumeagana kwamba atarudi mwisho wa mwezi, na fedha nimeziweka kando.